Kuunganisha kompyuta ya zamani na Linux kwa waya wa siriali: yote niliyojifunza kwenye 386 ya babu

 

Leo naomba niache siasa pembeni. Tangu niliposema hapa kwamba nimefanikiwa kutoa mafaili kwenye kompyuta ya mwaka 47, maswali yamekuwa kibao, na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kwa hiyo naandika yote mahali pamoja ili mwenye shida kama yangu asihangaike wiki tatu kama mimi. Mimi si mhandisi, nimeishia kidato cha sita, vingine nimejisomea. Nikikosea nirekebisheni.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna babu mmoja hapa mjini, jirani yetu, ambaye miaka ya tisini alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa barabara ya Hombolo. Mfadhili fulani aliwaletea kompyuta, na rejista ya wanachama ikaingizwa humo: jina, jina la baba, ekari, alilipa nini na lini. Daftari la karatasi lililiwa na mchwa. Sasa wanachama wengi wa mwanzo wametangulia mbele za haki, na watoto na wajane wanagombea ekari. Nilipokwenda kumsalimia akaniambia, "Mjukuu wangu, majina yote yamo mle ndani, ila hakuna wa kuyatoa." Kompyuta yenyewe ni 386, diski yake megabaiti 80, ina DOS 5, na mlango wa flopi umekufa. Haina USB, haina kadi ya mtandao. Nyuma ina mlango wa printa na milango miwili ya siriali, basi.

Wapo watakaosema, si ungechomoa diski ukaichomeka kwa adapta ya USB? Nilijaribu, haikuonekana. Diski za zamani hizo nyingi zinahesabu mahali pa data kwa silinda, vichwa na sekta, wakati adapta nyingi za leo zinategemea mfumo mpya zaidi wa kuhesabu uitwao LBA. Halafu babu alikuwa amesimama nyuma yangu ananiangalia kama nampasua mtoto wake. Nikairudisha.

Jambo la kwanza kabla ya waya: betri ya saa ya kompyuta kama hiyo lazima itakuwa imekufa, na ikifa inasahau hata kwamba ina diski. Ukiwasha inalalamika haioni kitu cha kuwakia. Usiogope. Angalia karatasi iliyobandikwa juu ya diski, kuna namba za silinda, vichwa na sekta. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio unapowasha, chagua aina ya 47 (kwenye 386 nyingi hiyo ndiyo ya kujijazia), andika namba zile, hifadhi. Kila umeme ukikatika unaanza upya, na kwa babu ulikatika mara nne siku ya kwanza, kwa hiyo namba hizo nazikumbuka mpaka leo.

WAYA

Siriali maana yake biti zinapita moja moja kwa foleni kwenye waya mmoja. Kanuni yake inaitwa RS-232, ilitolewa Marekani mwaka 1960 kwa ajili ya kuunganisha teminali na modemu. Kwa sababu hiyo, kompyuta mbili haziwezi kuunganishwa kwa waya ulionyooka: zote mbili zitakuwa zinasema kwenye waya uleule na zote zinasikiliza waya uleule. Inabidi uvuke nyaya, mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule. Kebo ya namna hiyo inaitwa nalimodemu.

Kwa soketi ya pini 9, nyaya ni hizi:

Pini 2 ya huku iende 3 ya kule
Pini 3 ya huku iende 2 ya kule
Pini 5 kwa pini 5 (hii ni ardhi)

Wengi watakwambia nyaya tatu zinatosha. Hapo ndipo nilipopoteza wiki nzima! Zinatosha kwa programu zinazoongea na mlango moja kwa moja. Lakini amri za DOS zenyewe zinapitia BIOS, na BIOS kabla ya kutuma herufi yoyote inasubiri ishara mbili kutoka upande wa pili, kwamba mwenzako yupo na yuko tayari. Bila ishara hizo unapata ujumbe kwamba imeshindwa kuandika kwenye COM1, na unaulizwa uache, urudie au upuuze. Nilirudia mpaka kidole kikauma.

Dawa yake ni kuidanganya. Kwenye kila soketi unganisha pini 7 na 8 pamoja, halafu 1, 4 na 6 pamoja. Hapo kompyuta inajijibu yenyewe kwamba yote sawa. Ukitaka kufanya kwa ustaarabu, vusha 7 kwenda 8 kwa pande zote, na 4 ya huku iende 6 na 1 za kule, ila kwa kazi yetu ujanja wa kwanza unatosha.

Kama mlango wako ni wa pini 25, namba zinabadilika: 2 ndiyo ya kusema, 3 ya kusikia, 7 ni ardhi, za kuunganisha pamoja ni 4 na 5, halafu 6, 8 na 20. Na jihadhari: nyuma ya kompyuta soketi ya pini 25 yenye matundu ni ya printa. Ya siriali ina pini zilizochomoza.

Mimi soketi mbili nilizipata kwa fundi redio pale Majengo, zilikuwa kwenye boksi la takataka. Nyaya nilitoa kwenye kipande cha waya wa mtandao. Yeye akalehemu, mimi nikashika tochi. Kebo ya mita tatu inafanya kazi vizuri kabisa, kiwango cha kawaida kinachotajwa ni mita 15.

Upande wa Linux, laptopu za leo hazina mlango huu, kwa hiyo unahitaji adapta ya USB kwenda siriali. Hapa naomba msome mara mbili. Adapta zipo aina mbili. Moja ina soketi ya pini 9, hiyo ndiyo yetu. Nyingine ni kile kibao kidogo chenye pini nne au sita wanachotumia mafundi simu, kinatoa volti 3.3 au 5. RS-232 inaweza kutoa mpaka volti 15 chanya na 15 hasi. Ukikiunganisha hicho kibao na 386 utakiunguza, na kama bahati yako mbaya kitaondoka na mlango wa USB.

Ukichomeka adapta sahihi, Linux inaipa jina /dev/ttyUSB0. Hilo neno tty ni historia tupu: ni kifupi cha teletaipu, mashine ya kupiga chapa iliyokuwa ndiyo skrini na kibodi ya Unix wakati Ken Thompson na Dennis Ritchie wanaianzisha Bell Labs mwaka 1969. Kwa hiyo Unix imezaliwa mwisho wa waya wa siriali, na mpaka leo haijausahau. Hata Linux yenyewe: mwaka 1991 Linus Torvalds alianza kwa kuandika programu ya teminali ili apige simu kwenye kompyuta ya Unix ya chuo kikuu chake Helsinki, ikakua kua mpaka ikawa mfumo kamili.

Kama Linux inakukatalia kufungua mlango, jiongeze kwenye kundi la dialout kisha utoke na kuingia upya:

sudo usermod -aG dialout jina_lako

KUTOA MAFAILI BILA PROGRAMU YOYOTE

Hii ndiyo sehemu niliyoulizwa zaidi. Utatoaje faili kwenye kompyuta ambayo huwezi kuipelekea programu? Jibu ni kwamba DOS inayo tayari. Upande wa 386 unaandika:

MODE COM1:9600,N,8,1,P

Maana yake kasi 9600, bila biti ya ukaguzi, biti 8, biti 1 ya kufunga, na ile P inaiambia iendelee kujaribu bila kukata tamaa. Upande wa Linux:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs8 -cstopb -parenb -crtscts clocal raw -echo
cat /dev/ttyUSB0 > wanacham.dbf

Linux ikishakaa kusubiri, rudi kwenye DOS:

COPY /B WANACHAM.DBF COM1

Basi. Faili linapita. Cat haijui faili limeisha, kwa hiyo fungua dirisha jingine, tazama ukubwa kwa ls -l, ukiacha kuongezeka unakata kwa Ctrl-C.

Ile /B usiisahau. Bila hiyo DOS inadhani inatuma maandishi, na ikikutana na baiti yenye namba 26 inasema faili limeisha, inakatisha hapohapo. Mafaili ya kumbukumbu ya dBase yana baiti hizo ndani kila mahali.

Na ile raw usiisahau pia. Mara ya kwanza nilichomoa adapta kubana soketi, nikairudisha, nikasahau kwamba ukichomoa mipangilio yote ya stty inafutika. Kasi ya kawaida ikarudi 9600 hiyohiyo, ndo maana sikushtuka, data ikawa inakuja. Lakini lilipofika faili lilikuwa pungufu na halifunguki. Nimekuja kugundua baadaye: faili la dBase III lisilo na kumbukumbu za pembeni linaanza na baiti namba 3. Namba 3 ndiyo Ctrl-C! Linux ikiwa kwenye hali ya kawaida ya teminali inaona mtu kabonyeza kukatisha, inaimeza. Yaani baiti ya kwanza kabisa ya faili lote, ndiyo hiyo inaliwa. Nilicheka peke yangu usiku.

Sasa kuhusu muda. Kila baiti inabebwa na biti 10 (8 zake, moja ya kuanza, moja ya kufunga), kwa hiyo 9600 ni baiti 960 kwa sekunde. Rejista ya babu ni baiti 48,938, yaani sekunde 51. Mafaili yote 23, karibu kilobaiti 610, ni chini ya dakika 11. Flopi moja nzima ya megabaiti 1.44 ingechukua kama dakika 26. Wanaouliza kwa nini sikutumia 115200: amri ya MODE ya DOS haifiki huko, na mashine za umri huo nyingi zina kidude cha siriali aina ya 8250 au 16450 kinachoshika baiti moja tu kwa wakati. Kile cha 16550A chenye nafasi ya baiti 16 kilikuja kuenea baadaye.

UTAJUAJE KAMA LIMEFIKA SALAMA?

Njia hii haina ukaguzi wowote, baiti ikipotea imepotea. Na hii ni rejista ya ardhi ya watu, si wimbo. Nilifanya mambo matatu. Kwanza, kulinganisha ukubwa na ule unaoonekana kwa DIR. Pili, kutuma kila faili mara mbili na kulinganisha nakala kwa amri ya cmp, isiposema kitu zinafanana. Tatu, na hii naipenda, faili la dBase linajieleza lenyewe mwanzoni. Andika:

od -A d -t u1 -N 12 wanacham.dbf

La babu lilitoa 3 98 11 14 156 1 0 0 65 1 118 0. Ya kwanza ni aina ya faili. Tatu zinazofuata ni tarehe ya mwisho kuguswa: 1998, mwezi wa 11, tarehe 14. Nne zinazofuata ni idadi ya wanachama, ya pili unazidisha kwa 256: 156 jumlisha 256, wanachama 412. Halafu urefu wa kichwa cha faili, 65 jumlisha 256, ni 321. Mwisho urefu wa kila mstari, 118. Sasa piga hesabu: 412 mara 118, jumlisha 321, jumlisha baiti 1 ya kufungia, unapata 48,938. Sawasawa na ukubwa wa faili. Nilimwonyesha babu zile namba, akasoma ile tarehe akakaa kimya, kisha akasema siku hiyo anaikumbuka.

Faili la .DBF linafunguka kwenye LibreOffice bila shida, ukurasa wa hesabu, unaona safu zote. (Wakongwe mtakumbuka ndugu yake OpenOffice ilishawahi kutoka kwa Kiswahili mwishoni mwa mwaka 2004, Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.)

KUPELEKA PROGRAMU UPANDE WA PILI

Kutoa ni rahisi, kuingiza ni kazi. Amri ya COPY COM1 FAILI.TXT inapokea maandishi mpaka ikutane na Ctrl-Z, ambayo Linux unaituma kwa printf '\032' > /dev/ttyUSB0. Lakini DOS hapo inachungulia mlango kama mtu anayechungulia dirishani, akigeuka kidogo herufi imempita. Tumia kasi ya 1200 na vipande vidogo.

Njia bora ni QBASIC, ambayo inakuja ndani ya DOS 5. Yenyewe inapokea kwa utaratibu wa kukatizwa na inaweka akiba:

OPEN "COM1:2400,N,8,1,CS0,DS0,CD0,RB8192" FOR RANDOM AS #1

Unaandika programu fupi ya mistari kama 15 inayosoma herufi mbili mbili za heksadesimali na kuzigeuza kuwa baiti. Upande wa Linux unageuza programu unayoitaka kuwa heksadesimali, unaituma polepole. Nilichotuma mimi ni Kermit, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981 kwa kazi hii hii. Kermit ikishaingia, shida zote za juu zinaisha maana yenyewe inakagua kila kifurushi na kurudia kilichoharibika.

KUINGIA LINUX KUTOKA KWENYE 386

Hapa sasa ni raha tu. Kwenye Linux:

sudo agetty -L 9600 ttyUSB0 vt100

Kwenye 386 fungua Kermit, unganisha, bonyeza Enter. Linux inakuuliza jina na neno la siri! Kompyuta ya kijukuu inamfungulia babu mlango. Nilifungua Wikipedia ya Kiswahili kwa lynx kwenye kile kioo cha rangi ya kijani. Kazi yote inafanywa na laptopu, 386 ni dirisha tu. Hii ndiyo njia pekee ya maana ya kuingiza mashine hizi kwenye mtandao wa leo, kwa sababu tovuti karibu zote zimefungwa kwa usimbaji ambao 386 haiwezi kuufanya.

Wanaotaka 386 iwe na anwani yake ya IP kabisa, kuna SLIP, ambayo kanuni yake iliandikwa rasmi 1988, na mdogo wake PPP aliyetulia kwenye kanuni ya 1994. Kwa SLIP, Linux unaandika:

sudo slattach -p slip -s 9600 -L /dev/ttyUSB0 &
sudo ip addr add 192.168.7.1 peer 192.168.7.2 dev sl0
sudo ip link set sl0 up mtu 576

Upande wa DOS unapakia dereva ya pakiti ya ETHERSLIP, kisha mTCP ya Michael Brutman, ambayo ni bure na inakwenda hata kwenye mashine za zamani kuliko hii. Kwenye faili lake la mipangilio unampa 192.168.7.2, lango liwe 192.168.7.1, MTU 576. Ping ilijibu. FTP ilijibu. Zaidi ya hapo sikuendelea, kazi ya babu ilikuwa imeshaisha na nauli za bodaboda zilikuwa zinaniishia.

Kwa wanaosema huu ni mchezo wa watoto: hivi ndivyo barua pepe ilivyoingia Afrika Mashariki. Nchi yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na hata marufuku hiyo ilipolegea, intaneti ya kudumu haikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Nairobi kulikuwa na kituo cha FidoNet pale ELCI, Kampala Charles Musisi aliendesha MUKLA Chuo Kikuu cha Makerere, Addis Ababa kulikuwa na PADIS. Kompyuta za DOS kama ya babu, mlango wa siriali, modemu, simu. Barua zilikusanywa mchana, zikapigiwa simu kwa mkupuo, na nyingi zilipitia GreenNet ya London, ambako mashine za Unix zilizipeleka intaneti. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009 tu. Mwanzoni hapo mlango wa siriali kama huu ndio uliobeba mzigo.

Turudi kwa babu. Tumechapa majina 412, kurasa kumi na mbili. Kuna mama mmoja mjane aliyekuwa anaambiwa marehemu mumewe hakuwahi kulipia shamba. Kwenye orodha kuna watu wawili wenye jina la mumewe, na ndo chanzo cha ubishi wote. Safu ya jina la baba inawatofautisha: mmoja alilipia ekari moja na nusu mwaka 1994, mwenzake hajalipa kitu. Mumewe ni yule aliyelipa. Upande wa pili wanasema karatasi ya kompyuta mtu anaweza kuchapa anachotaka, kwa hiyo babu amesema kwenye kikao tutaibeba 386 nzima nzima, iwashwe mbele ya wote. Kikao kimesogezwa mpaka baada ya mavuno.

Kilichobaki ni faili moja la .DBT lenye maelezo marefu ya kila shamba. Limefika kamili, vipande vya baiti 512, nayasoma maneno lakini LibreOffice haiyaunganishi na majina. Mwenye uzoefu na dBase atuwekee hapo chini kwenye maoni, tafadhali. Pia natafuta betri ya kulehemu ya volti 3.6 ya kompyuta za zamani, aliye nayo Dodoma au Singida aniambie bei.